Bei ya Kiraka

Ndugu msikilizaji, nilipowaaga wenzangu kwamba nakwenda Sumbawanga kikazi, mmoja alicheka, mwingine akaniuliza iwapo nitarudi kwa basi au kwa ungo. Mzaha huo unaujua. Sisi watu wa mijini tunaukariri kila siku, hali wengi wetu huko hatujafika. Wenyewe Wafipa husema jina la mji wao maana yake ni "tupa uchawi", yaani anayeingia na auache nje huo alio nao. Lakini nani kati yetu aliyewahi kuuliza maana?

Basi nilikwenda. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita zipatazo 220, ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008 hadi 2013, na safari iliyokuwa adhabu wakati wa masika leo ni ya saa chache. Kazi iliyonipeleka ilipokwisha, Jumamosi asubuhi nikaazima baiskeli kwa mwenyeji wangu. Nia yangu ilikuwa nipite Ntendo, nishike njia ya Muze, nifike ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, pale nchi ya juu inapokatika ghafla na bonde la Ziwa Rukwa likabaki chini. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nalo ziwa kiasi cha mita 800. Nilitaka kuyaona maji hayo kutoka juu, nirudi, nije niwasimulie.

Mwenyeji akaniambia nichukue pampu na viraka. Nikamjibu kwamba siendi Mpanda.

Ulikuwa mwezi Juni, baridi ya Ufipa inauma na upepo hauna mlima wa kuuzuia. Mashambani nilipita yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea, maarifa waliyokuwa nayo kabla ya bwana shamba yeyote kufika. Nilikwisha kuiacha Ntendo nyuma nilipohisi gurudumu la nyuma limelegea. Nikashuka nikatazama. Pancha. Simu nilikuwa nayo, lakini simu haijazi upepo.

Nilikokota baiskeli hadi yapata saa saba mchana. Ndipo nikamwona mzee mmoja anakuja kutoka upande wa bondeni, anasukuma baiskeli yenye viroba viwili vya mchele, na mjukuu wake anasukuma kwa nyuma. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Pancha?"

Hakungoja jibu. Aliiegemeza baiskeli yake kwa gongo, akaipindua ya kwangu miguu juu. Kwa mpini wa kijiko akauchomoa mpira wa ndani, na kwa kuwa maji hayakuwepo, akaupitisha karibu na shavu lake polepole mpaka akasikia pale panapopumua. Kisha akapapasa ndani ya tairi kwa kidole, akautoa mwiba. Kwa mzaha wangu wa kijinga, nikamwambia mjini wangesema nimerogwa. Aliuweka ule mwiba kiganjani mwangu.

"Huu hapa mchawi wako," akasema.

Akakwangua mpira kwa msasa, akapaka solusheni, akangoja ikauke, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa goti. Kilikuwa kiraka chake cha mwisho. Kazi ilichukua karibu saa nzima, maana pampu yake nayo ilikuwa inavuja. Nikamtolea noti ya shilingi 5,000. Akasema kiraka ni shilingi 500, na chenji hana. Nikamwambia achukue yote, kwani bila yeye ningelala porini.

"Sasa mwanangu," akanijibu, "nikichukua 5,000 kwa sababu umekwama, kesho nikikwama mimi nitalipa nini?"

Jua lilikuwa limekwisha kupinda. Nikaamua kugeuza, nikasukuma nao. Ziwa Rukwa sikuliona. Njiani nikajua kwamba walitoka bondeni jana yake na kulala njiani, na kwamba mle virobani mna kilo 80. Pale Ntendo nilivunja ile noti kwa mama wa chai, nikamlipa mzee shilingi 500, naye akanunua kiraka kingine papo hapo.

Tuliingia mjini jua linazama. Mnunuzi alikuwa anafunga duka. Alikitazama kiza, akawatazama mzee na mtoto, akataja bei. Mjukuu akaninong'oneza kwamba imepungua shilingi 200 kwa kilo. Yule bwana alijua kwamba mzee hawezi kuurudisha mchele bondeni usiku ule, na kulala gesti ni gharama nyingine. Mzee alisimama kidogo, kisha akaanza kufungua kamba.

Piga hesabu, ndugu msikilizaji. Shilingi 16,000 zilipotea, na saa iliyozipoteza ilitumika kuziba mpira wangu kwa shilingi 500. Nikatia mkono mfukoni. Mzee akauona.

"Hii si yako, mwanangu. Ya kwako tulimalizana Ntendo."

Watu wawili siku moja walimkuta mwenzao amekwama. Mmoja hakupandisha bei, mwingine aliishusha ya mwenzake. Na huyu wa pili hakuhitaji kuvunja sheria yoyote, wala hatumwiti mchawi. Tunamwita mfanyabiashara hodari. Ndivyo tunavyofanya mijini: mvua ikinyesha, nauli ya bodaboda inapanda; shule zikikaribia kufunguliwa, madaftari yanapanda; ukiwa na mgonjwa usiku wa manane, mwenye gari anakutazama usoni kwanza ndipo ataje bei.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, na mwenyeji akapata hasara. Ule mwiba ninao hadi leo, mezani pangu. Mwenzangu wa ofisini atakaponiuliza tena habari za ungo, nitamwonyesha, kisha nitamweleza bei ya kiraka na bei ya mchele wa jioni, aniambie mwenyewe uchawi uko wapi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.