Zabibu na Divai ya Mapovu

Akina mama na wazee wa vikundi vya Migori na Homa Bay, mmetuuliza kama tunaweza kupanda zabibu tukatengeneza divai ya mapovu, ile ya arusi. Tujibu wazi.

Mzabibu humea hata huku karibu na ikweta. Kule Dodoma, Tanzania, mapadri wa misheni ya Bihawana walikuwa kati ya wa kwanza kuupanda, na wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kupogoa mara mbili. Lakini Dodoma ni pakavu. Sisi tuna mvua mara mbili, na ukungu hupenda majani yasiyokauka.

Mapovu nayo ni kazi nyingine. Kule Champagne, Ufaransa, divai iliyokwisha kuchachuka hutiwa sukari na hamira, ikafungwa ichachuke tena ndani ya chupa, miezi 15 au zaidi. Msukumo wa ile hewa hufika kama mara tatu ya tairi la gari. Chupa nyepesi tunazookota sokoni zitapasuka. Jameni, vioo usoni! Tena sheria ya mwaka 2010 yataka leseni.

Kwa hiyo pesa ya kikundi isiende huko. Pandeni miche kumi tu, penye jua na upepo, muuze matunda. Yatakuja mwaka wa pili au wa tatu.