Lile Benchi la Mapokezi

Wahitimu wangu, naona majoho yanawapwaya. Msijali, mshahara wa kwanza utawabana.

Nimekuwa muuguzi miaka 31. Niliombwa nizungumzie maadili, nitazungumzia mdomo.

Mwishoni mwa Oktoba 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga, akatangaza kamati ya kuwasaka. Novemba 4 Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni mawazo yake, si msimamo wa serikali. Tamko la wizara halikufika kwenye benchi letu la mapokezi. La mkuu wa mkoa lilifika.

Siku hizo nilikuwa kituo kimoja cha afya, mbali na hapa. Akaja kijana muuza mitumba kuchukua ARV. Mwenzetu wa mapokezi akapaza sauti: "Na wewe, jina lako tupeleke?" Benchi zima likacheka. Nami nilicheka. Kijana akakunja kadi yake mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaondoka bila dawa.

Alirudi Machi, kashushwa kwenye bajaji, kifua kikuu kimemmaliza. Namtafuta mshipa, akaniambia, "Sista, polisi sikuwaogopa. Niliogopa lile benchi." Miezi yote ile alikuwa hamezi dawa, hapati usingizi, hodi ikipigwa haitikii, gongo ndiyo chakula chake. Kirusi hufanya nini dawa zikikatishwa, hilo mmelifanyia mtihani. Kicheko hufanya nini, hamkuulizwa. Alilala wodini kwetu siku 19, na sikumwomba radhi.

Naona wanaonuna kule nyuma. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha makosa dhidi ya maumbile, kina wenyewe: polisi na mahakimu. Ninyi hamkuapishwa kukitekeleza, mmeapishwa kutunza siri. Na hizo soga kuhusu wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp, jamani! Simu ziacheni kabatini.

Jumatatu mkiripoti kazini, mtazameni aliyekaa mwisho wa benchi. Mwiteni kwa namba, kwa sauti ya chini, mpeni dawa zake aende.