Ushindi ni Pato la Nani?

Mhadhara wa umma uliotolewa Karatu



Mhadhara huu ungeweza kutolewa Dar es Salaam, karibu na wanaotunga sheria za kodi. Nimeomba uwe hapa kwa sababu somo lenyewe liko chini kule bondeni, kando ya Ziwa Eyasi, kwa jirani zetu Wahadzabe.

Wahadzabe wana mchezo wa kamari uitwao lukuchuko. Vipande vya magome ya mti vilivyokatwa duara hurushwa kwa pamoja kwenye shina la mti, na namna vinavyoanguka ndiyo inayoamua nani ameshinda. James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kuishi nao na kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona wanaume wakishinda mchana kutwa wakicheza. Dau lao lilikuwa mishale ya chuma, visu, shanga, viko vya kuvutia tumbaku. Katika makala yake ya 1982 alitoa hoja ambayo sijaona mwanasheria wa kodi akiishughulikia: kamari ile ilizuia watu kujilimbikizia mali. Aliyeshinda vingi hakuachwa aondoke navyo. Wenzake walimkalia shingoni aendelee kucheza mpaka bahati imgeuke, na vitu vikarudi kuzunguka. Hivyo ndivyo jiwe la kiko lililopatikana upande mmoja wa nchi yao lilivyofika mikononi mwa mtu wa upande mwingine bila biashara wala mnada.

Upinde haukuwekwa dau. Wala mishale ya mti mtupu isiyo na chuma, wala mfuko wa ngozi. Mtu aliweza kuliwa vyote na kesho yake bado akaenda kuwinda.

Sasa tupande juu, turudi hapa mjini, kwenye barabara ya kwenda lango la Lodoare. Masika yakiingia, wageni wa Ngorongoro wanapungua. Dereva wa watalii, mpagazi na mpishi wa kambi wanakaa bila safari, na simu iko mkononi. Kijana anatandika mkeka wa kubeti: timu sita, dau shilingi 2,000. Timu moja ikimwangusha, mkeka umechanika. Kanuni ya Eyasi haifanyi kazi hapa, kwa sababu anayechukua mishale hakai kwenye duara. Kampuni haikaliwi shingoni na mtu icheze mpaka irudishe, na odi zimeshapangwa ili baada ya mikeka mingi ibaki na sehemu yake.

Swali tulilopewa leo ni kama ushindi huo utozwe kodi kama pato. Jibu langu ni kwamba ushindi wa mkeka mmoja si pato. Pato ni kile kinachobaki mtu akishatoa alichopoteza.

Fuateni hesabu hii. Kijana wetu amecheza mara kumi kwa mwezi, kila mara shilingi 2,000. Ametoa 20,000. Mikeka tisa imechanika, wa kumi umemletea 20,000. Mwezi umekwisha hana faida wala hasara. Sheria yetu, tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na marekebisho yake mengi, imefika mahali pa kukata kodi kwenye ushindi wenyewe, na kampuni ndiyo inayozuia fedha hiyo kabla mchezaji hajaigusa. Kiwango kimekuwa kikipanda na kushuka. Mwaka 2021 kilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15. Tutumie hiyo 15, na tumfanyie kijana hisani ya kutoa kwanza dau la mkeka ule mmoja. Anakatwa 2,700. Mtu ambaye hakupata hata senti ametozwa kodi ya mapato, na ile mikeka tisa hakuna aliyeiuliza.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anaielewa dhuluma hii kuliko mimi. Mwambieni atalipa kodi kwenye magunia aliyouza, bila kutoa mbegu, mafuta ya pampu wala vibarua, halafu msikilize atakavyowajibu.

Kenya imepita njia hii kwa kishindo. Asilimia 20 ya ushindi ilizaa mzozo mkubwa mwaka 2019 kati ya mamlaka ya mapato na kampuni za kubeti: je, dau la mchezaji ni sehemu ya ushindi wake? Leseni zikasimamishwa, na SportPesa ikafunga shughuli zake kwa muda. Mwaka 2025 wakaiacha kodi ile na kuweka asilimia 5 kwenye fedha inayotolewa kutoka akaunti ya mchezo. Mimi naona wametoka kwenye tope wakaingia kwenye matope, maana sasa hata fedha yako mwenyewe uliyoiweka ukaghairi kucheza inaweza kukatwa ikitoka.

Nje ya hapa kuna njia mbili zilizo wazi. Uingereza humwacha mchezaji na kuitoza kampuni. Mahakama yao iliamua tangu 1925, katika kesi ya Graham dhidi ya Green, kwamba hata mtu aliyeishi kwa kubeti farasi hakuwa na pato la kutozwa. Marekani husema ushindi ni pato, lakini imemruhusu mchezaji kutoa hasara zake dhidi ya ushindi huo, ingawa sheria ya 2025 imeibana ruhusa hiyo hadi asilimia 90 ya hasara. Sisi tumechukua ukali wa Marekani tukaiacha huruma yake.

Najua pingamizi lililo moyoni mwa walimu waliokaa mbele. Mwalimu akivuka mshahara wa shilingi 270,000 kwa mwezi anaanza kukatwa, na anayevuka 1,000,000 anatozwa asilimia 30 kwenye kila shilingi inayozidi hapo. Kwa nini aliyeangukiwa na mamilioni kwa usiku mmoja akatwe kidogo kuliko jasho la chaki? Hakuna sababu. Hapa niko upande wa mwalimu kabisa. Na dereva anayepewa bakshishi na mgeni hawezi kusema ni bahati tu. Ameifanyia kazi, hakuweka dau, hakuna alichopoteza kuipata. Mshindi mkubwa aliyebaki na faida baada ya mwaka mzima wa kucheza ana pato, na alipe kwa viwango vile vile vya mwalimu.

Kinachonikasirisha ni kwamba tunamtumia mshindi huyo mmoja kama kisingizio cha kuwatoza maelfu walioliwa.

Zamani tungesema haiwezekani kuhesabu hasara za mtu. Leo kila mkeka wa simu umeandikwa, na kila dau limepita kwenye namba iliyosajiliwa. Kampuni inajua kwa shilingi kamili nani ameliwa kiasi gani. Kwenye mashine za dubwi, ambako sarafu hazina jina, tusijidanganye: pale atozwe mwenye mashine, mchezaji aachwe. Fedha imebaki kwa mwenye mashine, na huko ndiko kodi iifuate. Mwaka ule ule wa 2021 kiwango kwenye mapato ghafi ya kubeti michezo kilipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 30. Ule ulikuwa mwelekeo sahihi.

Ombi langu kwa Bunge ni kifungu kimoja. Kila kampuni, mwisho wa mwaka, imtumie mchezaji ujumbe kwa Kiswahili wenye namba tatu: ulichoweka, ulichorudishiwa, tofauti yake. Tofauti ikiwa faida inayovuka kiwango kisichotozwa, mchezaji alipe. Ikiwa hasara, asidaiwe kitu, na alichokatwa katikati ya mwaka arudishiwe. Kijana aliyekaa kijiweni Karatu mwezi wa Aprili, safari hakuna, ataifungua simu yake aione namba ile ya tatu, labda kwa mara ya kwanza, kabla hajaamua kama pikipiki yake ni mshale au ni upinde.