Swaumu Isikatize Dawa



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wazee wetu na mama zetu, mada niliyopewa ni afya katika mwezi wa Ramadhani. Wengine watawaeleza juu ya sukari na presha. Mimi nitazungumza juu ya kifua kikuu, yaani TB, kwa sababu mwezi huu mtukufu ukiingia wako wenzetu wanaoziweka dawa kabatini na kusema, "Nitaendelea baada ya Idd." Neno hilo ni la hatari, na nitakueleza kwa nini.

Vijidudu vya TB husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza, hubaki vikielea, hasa mahali pasipo na upepo wala jua. Sasa itazame Nairobi yetu. Panda matatu ya 46 kutoka mjini kwenda Kawangware jioni ya mvua: watu wamejaa, vioo vyote vimefungwa. Ingia chumba kimoja kule Kangemi ambamo familia nzima inalala, na dirisha limezibwa na kabati. Hapo ndipo maradhi haya yanapopata nafasi. Uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba karibu wagonjwa 4 katika kila 10 hawakuwa wamegunduliwa. Wanatembea nasi, wanapanda matatu nasi, na wenyewe hawajui.

Je, unajua kwamba tiba ya TB ya miezi 6 ilipatikana kwa juhudi za watu wa Afrika Mashariki? Zamani mgonjwa alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Wengi walichoka njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Afrika Mashariki na wa Uingereza walifanya utafiti kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kulikuwa na kituo cha uchunguzi wa TB cha Afrika Mashariki hapa hapa Nairobi. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972. Waliopewa sindano za streptomaisini na vidonge vya isoniazidi peke yake kwa miezi 6, zaidi ya robo yao walirudiwa na maradhi. Walioongezewa rifampisini, waliorudiwa walikuwa wachache sana. Dunia nzima ikajifunza kutoka kwa wagonjwa wale. KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao yake karibu na barabara iliyokuwa ikiitwa Mbagathi, imeendelea na utafiti wa maradhi haya.

Kwa nini basi miezi 6, na ilhali kikohozi huisha mapema? Ni kwa sababu dawa huua kwanza vile vijidudu vinavyozaana kwa kasi. Mgonjwa hupata nafuu, hula vizuri, hunenepa, akadhani amepona. Lakini vingine vimelala, kama makaa chini ya jivu. Ukiacha dawa, moto unawaka tena, na huenda safari hii dawa zile zile zisiuzime. Hiyo ndiyo TB sugu, na mwenye nayo huweza kuwaambukiza watoto wake TB sugu hiyo hiyo. Siku hizi ipo tiba ya miezi 4 kwa baadhi ya wagonjwa, lakini anayeamua ni daktari. Kalenda ya Ramadhani haiamui.

Utauliza, na swaumu je? Ndugu yangu, dini yetu haikumwacha mgonjwa bila njia. Katika Suratul Baqara, Allah (S.W.) amemruhusu mgonjwa kula, kisha azilipe siku zile akipata afya. Hiyo ni ruhusa ya Mola wako, basi usiione aibu. Daktari mwaminifu akikwambia mwili wako bado ni dhaifu, hasa katika miezi ile 2 ya mwanzo, kula na unywe dawa yako.

Na daktari akikuruhusu kufunga, dawa za kawaida za TB hunywewa mara moja kwa siku. Usiku una nafasi ya kutosha. Kwa kawaida hufaa zaidi tumbo likiwa tupu, kwa hivyo unaweza kuamka mapema, ukanywa dawa, ukasubiri kama saa moja ndipo ule daku. Ukishachagua saa, shikamana nayo kila usiku. Kabla hujabadilisha chochote, nenda kwanza kliniki ukawaulize. Na mkojo ukigeuka rangi ya machungwa usishtuke, ni rifampisini hiyo.

Sasa nawageukia nyinyi jamaa wa mgonjwa. Wakati wa magharibi familia imezunguka sinia, na yeye amewekewa sahani yake pembeni kama mwenye kosa. Kwa nini? TB haiambukizwi kwa sahani, wala kijiko, wala kupeana mkono. Fungueni madirisha, jua na hewa viingie. Mgonjwa afunike mdomo anapokohoa. Kwa kawaida akinywa dawa vizuri kwa wiki kama 2, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana. Kumtenga kunamfanya afiche dawa, na anayeficha dawa huacha dawa. Mwamsheni daku, mumuulize, "Umeshakunywa?" Hilo swali moja lina thawabu nyingi, inshaAllah.

Nanyi vijana, mwenye kikohozi cha wiki 2, au anayetokwa na jasho usiku na kukonda bila sababu, mpeleke akapimwe makohozi. Katika hospitali za serikali vipimo na dawa za TB ni bure. Ukiona haya kwenda peke yako, chukua rafiki mwende pamoja kabla ya adhuhuri, kisha mrudi msikitini.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, azikubali swaumu zetu, na awalipe kheri wagonjwa wale wa zamani ambao kwa subira yao sisi leo tunatibiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.