Marafiki wa Vita na Majirani wa Manzese

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Manzese, Dar es Salaam)



Tulipotangaza mada ya vita dhidi ya ugaidi, baadhi yenu mliuliza: hayo si mambo ya Iraq na Afghanistan, Manzese inaingiaje? Inaingia kupitia Barabara ya Laibon. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa pale, katika wilaya yetu ya wakati ule, Kinondoni. Walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao.

Baada ya Septemba 2001 wakubwa wakazikumbuka nchi maskini. Mwaka 2002 serikali ya Bush ilieleza kuwa nchi dhaifu zaweza kuwa hatari kwake sawa na zile zenye nguvu. Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Februari 2008 Rais Bush alikuja Dar es Salaam, ukatiwa saini mkataba wa dola milioni 698 za barabara, umeme na maji. Tulishukuru, maji hatuyakatai. Lakini mwaka 2016 awamu ya pili ilisitishwa, baada ya uchaguzi wa marudio Zanzibar. Na Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa kwa amri moja tu.

Katika miaka 20 ambayo Marekani ilipigana Afghanistan, hadi Taliban wakarudi madarakani mwaka 2021, China ilikuwa ikifanya biashara. Mwaka 2009 iliipita Marekani katika biashara na Afrika. Serikali zetu sasa zina mlango mwingine wa kubisha hodi. Kamati ya parokia haina.

Gharama nyingine haikuandikwa katika mkataba wowote. Waislamu wengi waliilalamikia sheria ile ya 2002, wakiona inawalenga wao. Hapa Manzese wapangaji wa dini zote wanakaa nyumba moja, choo kimoja, bomba moja. Neno "gaidi" likishaingia uani humo, hakuna mfadhili atakayelitoa.

Kwa hiyo, wajumbe, vikundi vyenu vya kuweka na kukopa visiwe vya waumini wetu peke yao. Mkaribisheni jirani Mwislamu, tena katika uongozi, si katika michango tu. Nanyi wafadhili, siasa za kwenu zikibadili vipaumbele, tuambieni mwaka mmoja kabla, ili wagonjwa tunaowatembelea majumbani wasizisikie habari hizo kwanza redioni.