Permi isomewe, isinunuliwe



Tumewaita juu ya mtihani wa kode, ule wa kuandika, ambao mtu anapashwa kuupita mbele ya kuaminiwa usukani. Wengine wanauliza: ninyi wa kupigania haki, tangu lini mumekuwa walimu wa udereva? Jibu letu ni fupi. Tunasikia vijana wakisema: "Ya nini kupoteza muda? Nitaongeza feza kidogo, permi itanikuta nyumbani." Kesho yake ni yeye wa kwanza kulalamika kwamba inchi imeoza. Permi ya kununua ni rushwa kama zingine, tofauti ni kwamba hii inatembea na magurudumu kati ya watoto wanaotoka masomo.

Tusome basi. Sheria yenyewe ni namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ni ya zamani, imeandikwa kwa Kifaransa, na hapo njo wengi wanachokea. Kuna motari anajua barabara kuliko sisi wote, lakini neno "dépassement" likitokea ku karatasi anabaki anaangalia dari. Ndiyo maana tunaomba kusoma kwa makundi: mmoja anasoma Kifaransa, mwingine anaeleza kwa Kiswahili ao Kinande, mpaka wote wakubali wameelewa.

Alama, musizikariri moja moja kama picha. Mushike umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya hatari. Duara yenye ukingo mwekundu inakataza. Duara ya buluu inalazimisha. STOP ina pande 8 ili uitambue hata ikijaa matope. Ukishika hayo, utajibu hata juu ya alama hujawahi kuona, na kwetu hapa ni nyingi hatujawahi kuona, sababu hakuna aliyezisimika.

Swali lingine la kila siku: nani apite kwanza? Mkono wa polisi unashinda taa, taa inashinda alama. Penye hakuna polisi, taa wala alama, anayetoka kuume kwako njo anapita. Si mwenye honi kubwa. Si jeep ya vioo vyeusi.

Halafu hesabu. Ukienda kilometa 60 kwa saa, sekunde moja tu ya kushtuka imekupeleka karibu metre 17, na mguu haujagusa freni. Shule za udereva zinafundisha njia rahisi: chukua 6 ya ile 60, uizidishe kwa 6, unapata metre 36 za kusimama kwenye lami kavu. Mvua ikinyesha, freni zinahitaji karibu mara mbili. Sasa fikiria pikipiki yenye abiria watatu na gunia la makala, ku mteremko wenye matope. Hakuna mtahini anayeweza kukuuzia metre hizo.

Na tusisahau Kasindi. Upande wetu tunatembea kuume. Ukivuka Mpondwe, Uganda wanatembea kushoto. Tena magari mengi yanayotufikia yana usukani wa kuume, ya barabara za kushoto. Dereva wake anakaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele mpaka nusu ya gari imetoka. Mwenye gari ya namna hiyo aache nafasi kubwa zaidi, na kama haoni, asipite.

Tutasema pia juu ya kusimamishwa barabarani. Aliyesoma anaweza kuuliza kwa heshima: "Afande, nimevunja kifungu gani? Risiti nitaipata wapi?" Haitamuokoa kila mara, tunajua. Lakini mwenye permi ya kununua hata kuuliza hawezi. Anatoa feza na kuinamisha kichwa.

Makundi yanaanza Jumamosi hii saa nane, watu sita kwa kila kundi. Mukuje na daftari na kalamu. Mwenye nakala ya sheria ku simu awatumie wenzake leo. Kundi la kwanza litaanza na alama, la pili na makutano. Dada zetu, musibaki nyuma mukisema udereva ni wa wanaume: orodha iko hapa mbele, mujiandikishe mbele ya kutoka.