Kizingia cha Maji Hakizai Umeme: Pima Kwanza, Uchomelee Baadaye

Mtu akitazama maji yakizunguka ndani ya beseni na kuzama katikati, shimo la hewa likiwa limesimama kama faneli, ni rahisi aamini kwamba nguvu imo katika mzunguko ule. Makala hii inapinga imani hiyo. Nguvu imo katika anguko la maji na wingi wake, basi. Kizingia ni njia ya kuyafikisha maji kwenye mapanga pale ambapo anguko ni fupi mno kwa mitambo mingine. Fundi anayelielewa hili atajua mapema kama kifaa chake kitawasha nyumba nzima au taa mbili. Asiyelielewa atachomelea bati, atanunua jenereta, halafu ataulaumu mto.

Hesabu yenyewe haina siri. Zidisha lita za maji zinazopita kwa sekunde, mara mita za anguko, mara 9.81, jibu ni wati zilizomo ndani ya maji. Mfereji wenye lita 100 kwa sekunde na anguko la mita 1.2 una wati 1,177. Hakuna kifaa kitakachotoa zaidi ya hapo, na kilichotengenezwa nyumbani hutoa pungufu sana. Majaribio kadhaa ya maabara kuhusu vizingia yamepata kati ya theluthi na nusu ya nguvu hiyo. Ukiongeza upotevu wa mkanda, beringi na jenereta, ni busara kutegemea asilimia 30, yaani wati 350 hivi. Si nyingi, lakini hazilali: kwa saa 24 zinafika uniti 8.4.

Sasa tulipeleke pipa kwenye hesabu hiyo, maana wengi huanzia hapo. Pipa la mafuta la lita 200 halifiki kimo cha mita moja, na mfereji tulioutaja ungelijaza kwa sekunde mbili. Maji ya kasi hiyo hayapati nafasi ya kuzunguka, yatafurika tu. Ukipunguza maji hadi lita 10 kwa sekunde, kwa anguko la sentimita 80, yaliyomo ni wati 78, na kitakachofika kwenye waya ni kama wati 23. Pipa linafaa kuonyeshea wanafunzi jinsi kizingia kinavyojijenga. Kwa umeme wa kutumika linahitajika beseni la zege au matofali lenye kipenyo cha mita moja na nusu hivi, mfereji ukiingilia ubavuni ili maji yauambae ukuta, na tundu la chini lenye upana wa asilimia 14 hadi 18 ya kipenyo hicho, kipimo ambacho majaribio yamekiona kinajenga kizingia imara.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hii ni ya vitabu vya shule, na kwamba maji yanayojisokota yana nguvu isiyopimika. Mara nyingi hutajwa Viktor Schauberger, bwana misitu wa Austria aliyefariki mwaka 1958, aliyeandika mengi kuhusu mwendo wa maji. Alikuwa mtazamaji makini wa mito, hilo halina ubishi. Lakini madai kwamba kizingia hutoa nguvu kuliko inayoingia hayajathibitishwa kwa kipimo chochote kinachorudiwa. Nchi hiyohiyo ya Austria ndiyo iliyotoa ushahidi wa upande wa pili. Mhandisi Franz Zotlöterer alijenga mtambo wa kizingia huko Obergrafendorf katika muongo wa kwanza wa karne hii: beseni la kipenyo cha mita 5.5, anguko la kama mita moja na nusu, maji yakikaribia mita moja ya ujazo kila sekunde. Mtambo mkubwa kiasi hicho hutoa umeme usiofika kilowati 10. Fanya hesabu yetu ileile na utaona kwamba umebaki ndani ya mipaka yake.

Kwa hiyo swali la maana ni mahali. Kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro, ambako mifongo, yaani mifereji ya Wachagga, imekuwa ikiteremsha maji kwa vizazi vingi, kizingia ni chaguo baya. Pale anguko la mita 30 linapatikana kwa bomba, na gurudumu dogo la Pelton, aina ya turubaini ya anguko refu, litatoa umeme mwingi zaidi kwa maji machache. Kizingia kinafaa chini, tambarare, kwenye skimu za umwagiliaji kama za Moshi chini au Mwea nchini Kenya, ambako mifereji hujengewa ngazi za zege ili maji yashuke bila kuchimba udongo. Nguvu ya maji yanayoshuka kwenye ngazi hizo huishia kuwa povu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la gurudumu la maji la kizamani, ambalo likitengenezwa vizuri linaweza kukishinda kizingia kwa ufanisi. Nakubali. Hata hivyo beseni la duara ni kazi ambayo mwashi yeyote wa kijijini anaiweza, tundu pana hupitisha majani yanayoziba mitambo mingine, na mhimili wima huiweka jenereta juu, mbali na maji. Kuhusu sola, paneli ya wati 350 kwa saa tano za jua kali hutoa uniti 1.75, hivyo kufikia uniti 8.4 zingehitajika kama tano, pamoja na betri za usiku. Lakini asiye na mfereji wa kudumu anunue sola bila kusita.

Jenereta ndiyo huvunja miradi mingi. Mapanga ya kizingia huzunguka polepole, kwa kawaida chini ya mara mia kwa dakika, ilhali alteneta ya gari inataka mizunguko zaidi ya elfu moja, na hula umeme wa betri kuiamsha sumaku yake. Puli za kufidia pengo hilo hula nguvu. Afadhali jenereta ya sumaku za kudumu iliyosukwa kwa mwendo wa taratibu. Pia uwepo mzigo wa akiba, kama hita ndani ya ndoo, wa kupokea umeme taa zinapozimwa. Bila huo mapanga hukimbia, volti hupanda, na balbu zilizobaki huungua.

Maji hayapotei, yanarudi mferejini, lakini hilo halimwondolei mtu wajibu. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha bodi ya bonde, na jirani wa chini anapaswa kusikilizwa kabla ya zege kumwagwa. Kipimo nacho kichukuliwe mwishoni mwa kiangazi, si wakati wa masika. Maji yakipungua hadi nusu, umeme haupungui kwa nusu tu: kina ndani ya beseni hushuka, kizingia huyaacha mapanga, nayo husimama yakiwa makavu.